Sukuma-vuta: Mbinu ya kuua kayongo shambani bila kupiga dawa

Mvua imenyesha vizuri lakini mahindi yamedumaa, majani yanageuka manjano, na pale chini kumechipuka vimaua vya zambarau. Kwenye picha vinapendeza kweli. Ila mkulima wa Nyanza au Magharibi mwa Kenya akiviona, anajua msimu umeharibika.

Hilo ni gugu la kayongo. Tanzania wanaliita kiduha. Linajishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi na kunyonya maji na chakula. Ukiliona juu ya udongo umeshachelewa, hasara imefanyika chini. Gugu moja hudondosha makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Sukuma-vuta ni nini?

Ni mbinu iliyobuniwa miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kikishirikiana na watafiti wa Kenya na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Aliyeongoza ni mtaalamu wa wadudu Zeyaur Khan. Cha kushangaza, mwanzoni hawakuwa na habari na kayongo. Walikuwa wanapambana na funza anayetoboa mabua ya mahindi.

Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Watafiti hao wanasema harufu yake humfukuza nondo anayezaa funza. Hapo ndipo "sukuma". Kuzunguka shamba unaweka mistari mitatu ya nyasi za nepia au brakiaria. Nondo huvutwa kutaga mayai huko, lakini funza wengi hufa kabla ya kukomaa. Hiyo ndiyo "vuta".

Halafu kuna mizizi ya desmodiamu, na hapa ndipo patamu. Hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kayongo zichipue, na nyingine zinazozizuia kushika mzizi wa mahindi. Zinaota, zinakosa chakula, zinakufa. Mbegu zilizolala udongoni zinapungua msimu baada ya msimu. Juu ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni na kufunika udongo usichukuliwe na maji.

Kazi iko wapi?

Msimu wa kwanza, usidanganywe. Desmodiamu inakua polepole, kwa hiyo unapalilia mapema mara mbili, tena kwa mkono na kwa uangalifu. Mbegu zake ni ndogo mno (zichanganye na mchanga mkavu ukipanda) na bei yake si ya mchezo. Ikishashika, inadumu miaka, ila huwezi tena kulima shamba lote kwa plau wala kuachia ng'ombe walishe humo baada ya mavuno.

Mwenye ng'ombe au mbuzi ndiye anafaidi zaidi, kwa sababu nyasi na desmodiamu yote ni malisho. Ukikodi shamba kwa msimu mmoja mmoja, fikiria mara mbili: matunda ya jasho lako huenda akayala mpangaji anayefuata.

Na ukimwajiri kibarua wa kupalilia, mwonyeshe kwanza desmodiamu ikiwa changa. Wengi huing'oa wakidhani ni gugu.