Silaha Iliyopokonywa na Silaha Iliyowekwa Chini



Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1992, askari wa majini wa Marekani walitua kwenye ufuko wa Mogadishu, mji mkuu wa Somalia, wakiwa wamepaka nyuso zao rangi ya kujificha na kushika bunduki mikononi. Hawakukuta adui. Walikuta waandishi wa habari wakiwangoja na kuwamulika kwa taa za kamera. Picha hizo zilizunguka dunia nzima, na wengi waliamini kwamba kazi itakuwa nyepesi: wenye nguvu wamefika, wenye bunduki watapokonywa, wenye njaa watakula. Tunapenda kutazama pamoja yaliyofuata, kwa sababu yanagusa swali ambalo sisi wa mashariki ya Kongo tunaulizana mara kwa mara: silaha huondokaje katika nchi?

Tuanze na chanzo. Rais Mohamed Siad Barre alipinduliwa mwezi wa Januari 1991. Aliacha nyuma yake nchi iliyojaa silaha, ambazo serikali yake ilikuwa imezipata kwanza kutoka Umoja wa Kisovyeti, kisha kutoka nchi za Magharibi. Waliompindua wakageukiana wao kwa wao. Tangu Novemba 1991 majeshi ya Mohamed Farrah Aidid na ya Ali Mahdi Mohamed yalipigana kwa mizinga ndani ya Mogadishu. Vita na ukame vikazaa njaa kubwa, hasa kusini, katika miji kama Baidoa. Mwezi wa Agosti 1992 ndege za Marekani zilianza kupeleka chakula kutoka Mombasa, lakini kufika kwa chakula hakukutosha. Kiliporwa bandarini, kikaporwa barabarani. Mashirika ya misaada yalilazimika kuajiri watu wenye bunduki ili kulinda magari na maghala yao. Hivyo bunduki ikawa kazi, na chakula cha mwenye njaa kikawa mshahara wa mwenye bunduki.

Tarehe 3 Desemba 1992 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 794, likiruhusu jeshi la mataifa mbalimbali, chini ya uongozi wa Marekani, kutumia nguvu ili misaada iwafikie watu. Hapo ndipo palipozuka tofauti moja ambayo haikupata kutatuliwa. Rais George Bush aliwaambia Wamarekani kwamba kazi hiyo ina mpaka: kufungua njia za chakula, kisha kuukabidhi mzigo kwa Umoja wa Mataifa. Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali alitaka zaidi: aliona kwamba askari wakiondoka bila kuwanyang'anya wapiganaji silaha, njaa na vita vitarudi. Wale askari waliotua ufukweni walikuwa wamesimama katikati ya mawazo hayo mawili.

Basi walifanya nini? Mjumbe wa Marekani, Robert Oakley, aliwakutanisha Aidid na Ali Mahdi tarehe 11 Desemba, nao wakakubali kusimamisha vita na kuyatoa mjini magari yao yaliyofungwa bunduki kubwa juu yake. Magari mengi yalitoka kweli, lakini hayakuharibiwa: yalisogezwa mbali tu. Silaha nzito nyingine ziliwekwa katika maghala yaliyojulikana, zikihesabiwa na kukaguliwa, huku wenyewe wakibaki jirani nazo. Barabarani askari walipokonya silaha zilizobebwa waziwazi. Aliyeificha bunduki yake nyumbani hakufuatwa.

Katika upokonyaji huo mlitokea jambo la kutufikirisha. Mara nyingine bunduki zilizochukuliwa zilikuwa za walinzi wa mashirika ya misaada. Vikatolewa vibali vya kubebea silaha, lakini kanuni zilibadilika, na askari wa kizuizi kimoja hawakuzielewa kama wenzao wa kizuizi kingine. Mtu aliyefuata kanuni angeweza kupoteza bunduki yake asubuhi, naye jambazi aliyeificha ya kwake akabaki nayo usiku.

Tarehe 7 Januari 1993, baada ya kushambuliwa kwa risasi, askari wa majini walizivamia ngome mbili za silaha za upande wa Aidid na kuziteka. Siku nne baadaye waliingia katika soko la Bakara, mahali ambapo bunduki ziliuzwa kama bidhaa nyingine, wakapekua na kukusanya. Lakini soko la silaha halifi kwa kupekuliwa siku moja. Maadamu yupo anayeogopa jirani yake, atakuwapo wa kumwuzia.

Ni haki kuyasema na mema. Barabara zilifunguka, chakula kikafika, na watu wengi ambao wangekufa waliishi. Hilo si dogo. Lakini tarehe 4 Mei 1993 kazi ilikabidhiwa kwa jeshi la Umoja wa Mataifa, lililopewa amri nzito zaidi na nguvu ndogo zaidi: sasa kunyang'anya silaha kulikuwa wajibu. Tarehe 5 Juni askari wa Pakistani walikwenda kukagua mojawapo ya yale maghala, katika kiwanja palipokuwa pia na redio ya Aidid. Wafuasi wake waliona kwamba wamekuja kuifunga redio. Siku hiyo waliuawa askari 24 wa Pakistani. Msako wa kumkamata Aidid ukaanza, ukaishia katika mapigano ya tarehe 3 na 4 Oktoba, ambamo walikufa Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Marekani iliondoka Machi 1994, na Umoja wa Mataifa mwaka mmoja baadaye. Bunduki zilibaki.

Je, tuseme kwamba haiwezekani? Historia haisemi hivyo. Huko Baidoa, askari wa Australia walipokonya silaha kama wenzao, lakini waliongeza jambo: walisaidia kurudisha polisi na mahakama. Mtu aliyedhulumiwa akapata mahali pa kupeleka neno lake pasipo bunduki. Walipoondoka Mei 1993, kazi hiyo changa ilikosa mlezi, na mwaka 1995 mji ulitekwa na watu wa Aidid.

Kaskazini, ambako askari hao wa kigeni hawakutumwa, wazee wa koo walikutana katika mji wa Borama kuanzia Januari hadi Mei 1993. Walizungumza kwa miezi, wakapatana juu ya malisho, damu na uongozi, kisha wakamchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais. Baada ya mapatano hayo makundi mengi ya wapiganaji yalikabidhi silaha zao nzito, na vijana wao wengi wakaingizwa katika jeshi na polisi. Migogoro haikuisha mara moja, na mapigano yalitokea tena. Lakini silaha hizo zilitolewa na watu waliojua ni nani atakayewalinda kesho.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu. Mwezi wa Juni 2003, Bunia ikiwa imejaa maiti na wakimbizi, jeshi la Umoja wa Ulaya lililoongozwa na Ufaransa lilifika na kutangaza mji usio na silaha zinazoonekana. Watu wa mjini walipumua, nasi tunashukuru. Lakini tulitafakari neno hilo, zinazoonekana. Bunduki ilitoka barabarani, ikaingia chini ya kitanda au ikaenda kijijini. Jeshi hilo liliondoka mwanzoni mwa Septemba. Mwishoni mwa mwaka 2017 Djugu iliwaka tena.

Kwa hiyo tunawasihi, vijana, mtofautishe mambo mawili. Silaha iliyopokonywa huacha mikono mitupu na moyo wenye hofu, na moyo huo utaitafuta nyingine. Silaha iliyowekwa chini huanza na mapatano, hulindwa na hakimu mwaminifu na polisi wa haki, na hudumu kwa sababu jirani ametimiza neno lake. Ya kwanza inaweza kufanywa na mgeni kwa siku moja, na mara nyingine ni lazima ifanywe ili watu wasife. Ya pili hakuna mgeni atakayetufanyia.

Katika vikundi vyenu, jiulizeni: Kijana wa kwetu akirudi kutoka msituni bila bunduki, anamkuta nani wa kumpokea? Aliyemkosea anampata wapi hakimu? Nasi, je, tumemwonyesha jirani wa kabila lingine kwamba hahitaji kutuogopa?