Kifundo cha Kijeba

Mwaka 2016 Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17, walitolewa na Congo-Brazzaville kwa hesabu ya bao la ugenini. Dar es Salaam walishinda 3-2, kule Brazzaville wakafungwa 1-0, na safari ikawa imekwisha. Lakini shirikisho la soka la Tanzania, TFF, lilikuwa na shaka na umri wa mchezaji mmoja wa Congo, likalipeleka suala hilo kwa shirikisho la soka la Afrika, CAF. Kijana akaitwa kwenye kipimo cha MRI cha kubaini umri. Hakutokea. Congo ikaenguliwa, na Tanzania ikapanda ndege kwenda Gabon kucheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2017.

Wenye kumbukumbu ndefu waliifurahia habari hiyo kwa aibu kidogo. Zaidi ya miaka kumi nyuma, shoka hilohilo liliishukia Tanzania. Serengeti Boys waliitoa Zimbabwe uwanjani na kufuzu fainali za 2005 nchini Gambia, kisha ikabainika kuwa mmoja wao alizidi umri. Zimbabwe ndiyo iliyokwenda. Ubingwa wakauchukua wenyeji Gambia kwa kuifunga Ghana 1-0, na baadaye mwaka huohuo, kwenye Kombe la Dunia la vijana nchini Peru, Wagambia wakaichapa Brazil 3-1. Hayo ndiyo waliyoyakosa vijana wa Tanzania kwa sababu ya mwenzao mmoja, au tuseme ukweli, kwa sababu ya wakubwa waliomsajili.

Magazeti ya michezo yana jina la wachezaji hao: vijeba. Ni neno tamu kwa kazi hiyo, maana kijeba ni mtu mwenye umbo dogo lakini aliyekwishakomaa. Na historia ya mashindano ya vijana ya mataifa, tangu yaanze, ni historia ya kumtafuta mtu huyo.

FIFA ilianza na vijana chini ya miaka 20. Tunisia iliandaa mwaka 1977, Muungano wa Kisovyeti ukatwaa kombe kwa kuishinda Mexico kwa penalti. Miaka miwili baadaye, Japan, dunia ikamwona Diego Maradona akiiongoza Argentina kwenye ubingwa. Wazo la kushuka hadi umri mdogo zaidi lilitoka Singapore, kwenye mashindano ya Lion City yaliyokuwa ya vijana chini ya miaka 16. Sepp Blatter, wakati huo katibu mkuu wa FIFA, aliyaona na kuyapenda. Mwaka 1985 China ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya umri huo, na pale Beijing Nigeria ikaifunga Ujerumani Magharibi 2-0 katika fainali. Kombe la kwanza la dunia la FIFA kubebwa na timu ya Afrika lilibebwa na watoto.

Au je, walikuwa watoto kweli? Minong'ono haikukawia. Mwaka 1989 FIFA iliifungia Nigeria miaka miwili kwenye mashindano ya vijana, baada ya tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji wake wa Olimpiki ya 1988 kutolingana na zile zilizoandikwa walipocheza mashindano ya awali. Nigeria ikapoteza na nafasi ya kuandaa fainali za chini ya miaka 20 za 1991, zikahamia Ureno. Mwaka huohuo wa 1991 mashindano ya wadogo yakapandishwa kutoka miaka 16 hadi 17. Ghana ikayashinda nchini Italia.

Kwa muda mrefu ushahidi pekee ulikuwa karatasi, na karatasi huandikwa na mtu. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria kwenyewe, FIFA ilileta MRI. Hapimwi mwili mzima, bali kifundo cha mkono. Mwishoni mwa mfupa wa kigasha mtoto ana ukanda wa gegedu ambako mfupa hurefukia. Akikomaa, ukanda huo hugeuka mfupa na kupotea. Madaktari huupa ngazi sita. Ngazi ya sita, yaani mfupa umeungana kabisa, hupatikana kwa chini ya asilimia 1 ya wavulana ambao hawajavuka miaka 17. Kipimo hiki kina upole wake: kijana wa miaka 18 au 19 ambaye mfupa wake haujafunga anapita salama. Anayenaswa ni kijeba aliyeiva. Na bado wapo tele. Januari 2023 Cameroon iliwapima vijana 30 wa kikosi chake, 21 wakashindwa.

Huko Gabon, Serengeti Boys walikwenda sare ya 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakabakiza Niger. Sare ingewapeleka nusu fainali na moja kwa moja Kombe la Dunia nchini India. Wakafungwa 1-0. Timu zote mbili zikawa na pointi nne, Niger ikapita kwa kuwa ndiyo iliyoshinda walipokutana.

Mwaka 2019 fainali za Afrika zikaja Dar es Salaam. Wenyeji walifungua na Nigeria kwa mechi ya mabao tisa, wakalala 5-4. Uganda ikawapiga 3-0, Angola 4-2. Cameroon ikatwaa ubingwa kwa penalti mbele ya Guinea. Kisha likarudi jambo lilelile: wachezaji wawili wa Guinea waliwahi kucheza mashindano nchini Japan mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea ikanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia la Brazil, ikapewa Senegal. MRI haikuhusika hapo. Walisalitiwa na fomu zao wenyewe.

Ni rahisi kuyaita yote haya udanganyifu, na mengi ni udanganyifu. Ila sensa ya Tanzania ya 2012 ilionyesha kuwa takriban asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Bara walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Kijana asiye na cheti huandikiwa umri siku anapouhitaji, na anayemwandikia mara nyingi ndiye anayetaka acheze. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ilianza mpango mpya mkoani Mbeya: cheti bila malipo, kinachotolewa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Watoto waliozaliwa Mbeya mwaka huo watatimiza miaka 17 mwaka 2030.