Upana wa Reli

Leo twazungumza juu ya mnunuzi kufungwa na mwuzaji mmoja.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilijenga reli ya maili 7 kutoka mjini mpaka Bububu. Upana wake ulikuwa futi 3. Reli ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896, ilikuwa ya mita moja kama nyingi za Bara Hindi, hata ikaletewa injini zilizokwisha tumika huko. Tofauti ni inchi tatu na ushei, lakini gurudumu la kule huku halikai. (Tusiisingizie: reli ya Bububu ilimalizwa na motokaa, mwaka 1928.)

Sasa tazameni sanduku la kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta nyingi, kama la chama cha ushirika. Diski za viwanda mbalimbali zaingia humo sawasawa. Hata hivyo, mwaka 2025 kampuni ya Synology ya Taiwan ilitia katika programu ya baadhi ya masanduku yake mapya sharti la kutumia diski ilizoziidhinisha yenyewe tu. Yaani upana ni mmoja, ila bawabu kawekwa mlangoni. Diski ikifa, karani hana pa kwenda ila kwa mwuzaji yule yule. Wanunuzi walipiga kelele, na Oktoba mwaka huo huo sharti likalegezwa.