Kipeuo cha Pili Kwenye Skrini

Mitihani ya hesabu hapa Voi tuliipiga taipu kwenye stensili, kisha alama za vipeuo na mistari ya sehemu tukazichora kwa mkono kabla ya kuzungusha mashine ya kudurufu. Wino ukivuja, 3 iligeuka 8, na mwanafunzi mwangalifu ndiye aliyeumia.

Intaneti nayo haikuja tayari kwa hesabu. Mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth alikuwa ametoa TeX, programu ya kupanga maandishi ya hesabu, tangu 1978, lakini vivinjari havikuielewa, hivyo milinganyo ikabandikwa kama picha. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, picha hizo zilifunguka kwa kusuasua. Asiyeona aliachwa nje kabisa, maana programu ya kumsomea kwa sauti haikuweza kusoma picha, na hilo linaniuma hadi leo. MathML, lugha ya kuandika mlinganyo pamoja na muundo wake, ilipitishwa 1998. Kivinjari cha Chrome kiliijaribu 2013, kikaiondoa, kikairudisha 2023. Katikati hapo MathJax, programu ya kuonyesha milinganyo kwenye kivinjari iliyotoka 2010, ndiyo iliyobeba mzigo wa majarida ya mtandaoni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta sasa hukuza mlinganyo kwenye simu, na kila kipeo hubaki wazi.