UZI: Mtihani umebadilishwa jina mara ngapi? Na mtoto, ameelewa alichosoma?

1/ Kila siasa ya elimu ikipamba moto hapa Kenya, hoja huwa ni mbili. Mmoja anasema, "Rudisheni 8-4-4, watoto wa siku hizi hawajui kusoma." Mwingine anajibu, "8-4-4 ilikuwa kukariri tu, heri ilienda." Nimezisikia kwenye redio, kwenye mikutano, na juzi ndani ya matatu ya Njoro. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa JSS, Kaunti ya Nakuru, na KCPE niliifanya miaka ya 90. Wacha niwape historia. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo tulieni.

2/ Tuanzie darasani. Muhula uliopita niliandika kifungu hiki ubaoni, nimekitunga mwenyewe:

"Mzee alitoka Molo usiku na magunia kumi ya viazi. Alipofika sokoni Nakuru alikuta malori matano yamemtangulia. Akauliza bei, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia dereva ageuze gari."

Swali: Kwa nini mzee aligeuza gari?

3/ Gredi ya 8, zaidi ya wanafunzi hamsini. Walikisoma kwa sauti bila kukwama hata neno moja. Kuandika sasa: zaidi ya nusu wakaandika "kwa sababu alikuta malori matano." Msichana mmoja wa mbele, hodari kweli, akainua mkono: "Mwalimu, jibu haliko." Nikamwambia limo, ila halijaandikwa. Darasa kimya. Halafu kijana wa nyuma, ambaye mamake huuza viazi, akacheka: "Si bei ilikuwa imeanguka! Viazi vimejaa."

4/ Huyo kijana kwenye orodha ya moki yuko karibu na mkia. Msichana yuko tatu bora. Sisemi msichana hana akili, akili anayo. Amefunzwa mbinu, na mbinu inasema hivi: soma maswali kwanza, tafuta kwenye kifungu neno linalofanana na la swali, jibu liko hapo karibu. Mbinu hiyo mimi pia nilifunzwa. Na nikiwa mkweli, mimi pia nimeifunza watoto wa watu kwa miaka.

5/ Ilitoka wapi? Turudi nyuma. Enzi za ukoloni, sehemu hii ya Bonde la Ufa ilikuwa ndani ya "White Highlands", ardhi iliyotengewa Wazungu, na Nakuru ndio ulikuwa mji wao mkuu wa shughuli za mashamba. Shule zilitengwa kwa rangi. Mtoto wa kibarua akipata shule ya shambani, mara nyingi iliishia madarasa ya chini.

6/ Mwaka 1949 ikaja ripoti ya kamati ya Beecher kuhusu elimu ya Waafrika. Mpango wake ulikuwa kama piramidi: miaka minne ya shule ya msingi, kisha mtihani, miaka minne ya shule ya kati, kisha mtihani mwingine ulioitwa KAPE, halafu wachache sana waende sekondari. Elewa hapo: mtoto wa darasa la 4 alifanya mtihani ambao kazi yake ilikuwa kupunguza watu. Nafasi zilikuwa chache, na mtihani ndio ulikuwa mlango.

7/ Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ikaja na fikra ya elimu ya taifa moja, bila ubaguzi wa rangi. Shule ya msingi ikawa miaka saba. KAPE ikabadilishwa ikaitwa KPE, kisha CPE. Majina yalibadilika lakini mlango ulibaki mwembamba. CPE ilikuwa karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya jumla. Kiswahili hakikuwemo. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, hakuna kuandika hata aya moja.

8/ Matokeo? Chenye hakitahiniwi hakifunzwi. Mwalimu wa wakati huo angefanya nini? Mzazi ameuza mbuzi alipe karo, anataka mtoto apite. Insha haihesabiwi, basi haiandikwi. Kiswahili hakihesabiwi, basi kipindi chake kinapewa Hisabati. Na hii ni Nakuru, mji ambao Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu waliokuja kutoka kila pembe kutafuta kazi na ardhi.

9/ Sasa sikiliza sehemu ambayo wanaobishana huisahau. Miaka ya 70 kulikuwa na malalamiko makubwa kwamba CPE inapima kumbukumbu tu. Hata ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya, ya 1972, iliukosoa mtihani huo. Mtafiti Anthony Somerset akachunguza maswali yenyewe, na mtihani ukafanyiwa marekebisho: maswali ya kukumbuka yakapunguzwa, ya kufikiri na kutumia maarifa yakaongezwa. Shule zikawa zinatumiwa jarida la kueleza watoto walikosea wapi na kwa nini.

10/ Soma hiyo tena. Jina la mtihani halikuguswa, lilikuwa lile lile, CPE. Kilichobadilishwa ni aina ya swali, na mwalimu akaambiwa ukweli kuhusu makosa ya darasa lake. Hayo mawili. Kwa maoni yangu hilo ni kati ya mageuzi ya maana zaidi tuliyowahi kufanya, na sijawahi kusikia mtu akilipigia kampeni jukwaani.

11/ Lakini marekebisho hayo yalikuja na pacha wake: orodha. Wilaya zikaanza kupangwa nani wa kwanza, nani wa mwisho. Nia ilikuwa njema, walimu wajitahidi. Ila mwanadamu ni mwanadamu. Jarida la makosa linahitaji usome na utafakari. Orodha unaitazama dakika moja, unajua nani wa kupongezwa na nani wa kuhamishwa. Unadhani ipi ilizungumzwa zaidi kwenye mabaraza?

12/ 1985 ikaja 8-4-4 pamoja na KCPE. Wacha tuipe haki yake. Kiswahili kikawa cha lazima na kikatahiniwa. Kuandika kukarudi: insha ya Kiswahili na ile ya Kiingereza. Kwa mtoto wa Kaptembwo au Rhonda anayezungumza Kiswahili kutoka asubuhi hadi usiku, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza lugha ya mtaani kwake ilikuwa na alama kwenye cheti.

13/ Karatasi ya Kiswahili kwa miaka mingi ilikuwa na maswali 50. La 1 hadi 15 kujaza nafasi. 16 hadi 30 sarufi. 31 hadi 50 ufahamu, vifungu viwili. Yaani mawili kwa kila matano ya maswali hayo yalikuwa ya ufahamu! Kwa karatasi, ni mtihani uliothamini kuelewa. Basi mbona tulitoka na mbinu ya kuwinda maneno?

14/ Kwa sababu ya shule ilivyokuwa. Darasa letu la 8 tulifika gizani na kutoka gizani. Jumamosi shule, likizo tuisheni. Kila wiki karatasi ya majaribio kutoka mji fulani. Chonga penseli, chora kistari kwenye kisanduku, A B C D. Matokeo yalibandikwa ukutani, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho alijua watu wote wameona. Insha zetu zote zilianza na jogoo akiwika na jua likichomoza, hata kama mada ilikuwa ajali ya usiku.

15/ Mwaka mzima huo hatukusoma kitabu kimoja cha hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tulisoma vifungu, mamia ya vifungu, na kila kifungu kilikuwa na maswali kumi chini yake. Nilipata alama nzuri za Kiswahili, jumla ikiwa bado ni 700 kabla ya kuwa 500. Nikafika sekondari nikapewa riwaya ya kurasa mia na kitu. Nikajikuta natafuta maswali mwishoni ndio nijue nisome nini.

16/ Wa timu ya pili hapo mnashangilia: "Si tuliwaambia, kukariri tu!" Ngoja kwanza. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipotoka, ni vijana wa 8-4-4 waliousoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kumweleza mama mboga hiki kitamgusa vipi. Huo ni ufahamu wa kiwango cha juu. Kwa hivyo wako waliojua kusoma na kuhoji. Swali ni wangapi, na wangapi waliachwa kwenye orodha ya ukutani.

17/ Na wa timu ya kwanza, mnaosema zamani kila mtoto alijua kusoma, nanyi mna deni. 2003 elimu ya msingi bila malipo iliongeza wanafunzi kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Jambo jema kabisa, lakini walimu na vitabu havikuongezeka kwa mwendo huo. Tafiti za Uwezo, zilizoanza 2009, zikakuta watoto wengi wa darasa la 3 hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Hiyo ni 8-4-4, wakati huo hakuna mtu alikuwa amesikia CBC.

18/ Hatua zilichukuliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza tuisheni ya likizo. 2014 serikali ikatangaza kuacha kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi. 2015 mpango wa Tusome ukaanza kufunza madarasa ya chini kusoma Kiswahili na Kiingereza. 2019 CBC ikaingia. 2023, karibu watahiniwa milioni 1.4 wakafanya KCPE ya mwisho.

19/ Halafu ikazaliwa JSS, Januari 2023, ndani ya shule za msingi. Ukiangalia vizuri, ile shule ya kati ya wakati wa Beecher imerudi kwa jina jipya. Tukaanza na walimu wachache, wengi wao wanagenzi wa mkataba wanaofunza masomo ambayo hawakuyasomea. Na Gredi ya 9 kuna KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025. Huo mtihani ni asilimia 60 ya matokeo. Tathmini za shuleni ni 20, KPSEA ya Gredi ya 6 ni 20. Ndiyo yanayoamua mtoto anaenda sekondari gani.

20/ Kwa hivyo mlango upo tena. Na penye mlango, mbinu hurudi. Tayari mjini kuna karatasi za "utabiri wa KJSEA" zinauzwa. Shule moja niliyofunza, mkubwa wangu alinikuta nikiwasomea watoto hadithi tu, bila maswali. Akaniita pembeni: "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?" Sikumchukia. Yeye pia kuna mtu juu yake anayemuuliza wastani ni ngapi.

21/ Sikatai mtihani. Bila mtihani, nafasi zingegawanywa kwa kujuana, na mtoto wa kibarua wa shamba la maua Naivasha hana wa kujuana naye. Ninachosema ni kwamba historia hii yote, kuanzia KAPE hadi KJSEA, inaonyesha kitu kimoja: mwalimu hufunza kile swali linauliza, na kile muda na vitabu vinamruhusu. Jina la mfumo linabadilika na hayo matatu yanabaki pale pale.

22/ Kwa hivyo mtu akija kwako kuomba kura na kuahidi kurudisha au kufuta mfumo fulani, muulize haya:
— Maswali mangapi ya ufahamu yatamtaka mtoto afikirie kile ambacho hakijaandikwa?
— Mwalimu ataambiwa darasa lake lilikosea wapi, au atapewa wastani tu?
— JSS ya kwetu ina vitabu vingapi vya hadithi, mbali na vya kiada?
— Ratiba ina kipindi cha kusoma tu, ambacho hakuna anayehesabu alama?
Akikosa majibu, basi anakuuzia jina.

23/ Nimalizie na wale wawili. Siku hizi nikiandika kifungu ubaoni, nawaketisha pamoja, msichana wa tatu bora na kijana wa viazi. Yeye humwonyesha kijana sentensi inasemaje hasa. Kijana humwonyesha kwa nini mtu angefanya hivyo. Wiki iliyopita msichana aliinua mkono akasema, "Mwalimu, jibu haliko, lakini najua." Nilitoka darasani nikitabasamu kama mjinga.

24/ Sasa nyinyi wadau. Shuleni kwenu, kitabu ulichokisoma hadi mwisho ambacho hakikuwa na maswali kumi chini yake kilikuwa kipi? Niambie hapo chini, na useme uko kizazi gani: CPE, KCPE, ama CBC. Nataka tuhesabu.