Mahame, na Vitenzi vya Ukoo wa Mume Wangu

Neno mahame limo katika kamusi zetu, ingawa mijini halisikiki sana. Ni mahali palipohamwa: palikaliwa na watu, na sasa pamebaki mibuyu, mawe ya mafiga na makaburi. Limetokana na kitenzi hama, na kwa mtu anayetafuta habari za ukoo katika vijiji vya Ugogo, katikati ya Tanzania, sijaona neno lenye manufaa kulishinda. Ukiuliza kijiji cha babu kiko wapi, utaonyeshwa kijiji cha leo chenye shule na zahanati. Ukiuliza mahame ya babu yako wapi, mzee atanyanyuka, atashika fimbo yake, na safari itaanza.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na niliolewa Ugogo. Nilipostaafu ualimu nilijipa kazi ya kuandika habari za ukoo wa mume wangu kabla wazee wachache waliobaki hawajatutoka. Nilikusanya majina mengi, lakini vitenzi ndivyo vilivyonifunza zaidi, na ndivyo ninavyotaka kuwaeleza wapenzi wa lugha.

Nianze na kitenzi hama chenyewe. Mwaka 1971 Serikali iliendesha Operesheni Dodoma, ambayo iliwakusanya watu waliotawanyika katika tembe zao na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino na kushiriki kufyatua matofali. Miaka michache baadaye kuishi katika vijiji kukawa amri kwa nchi nzima. Katika familia moja nimeisikia habari hiyo kwa namna nne. Aliyekuwa balozi wa nyumba kumi alisema, "Tulihama." Mdogo wake, aliyefungua duka baadaye, alisema, "Tulihamia barabarani." Aliyeacha zizi lake porini alisema, "Tulihamishwa." Na shangazi wa mume wangu, mwenye zaidi ya miaka themanini, alisema, "Tuliwahama wafu wetu." Mwalimu wa sarufi ataona hapo mnyambuliko na matumizi ya kitenzi kimoja. Mimi niliona watu wanne waliosimama pembe nne za jambo lile lile, na sikuona haki ya kuwasahihisha.

Majina ya jamaa nayo yana kanuni zake. Ndugu wa kiume wa baba ni baba, kwa hiyo mume wangu ana "baba" sita. Anayechora mti wa ukoo kwa swali la "baba yako ni nani?" atachora msitu. Swali lenye kufaa ni "tumbo gani?", yaani alizaliwa na mama yupi katika boma lile. Tarehe nazo hazisemwi kwa tarakimu. Mtu alikuwa akichunga mbuzi reli ilipopita. Na kwa kuwa Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, Ugogo ilikuwa imekwisha kupitiwa. Mwingine alizaliwa Wazungu walipokuja kulima karanga Kongwa, na mpango ule ulianza 1947. Mwenye orodha ya matukio ya namna hiyo anaweza kuyapanga maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuandikwa popote.

Tukio kubwa kuliko yote ni Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita Ugogo, majeshi ya Wajerumani, na kisha yale ya upande wa Waingereza yaliyoingia Dodoma Julai 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo wanahistoria huiweka kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Makadirio ya utawala wa Waingereza yalitaja vifo vya watu wapatao 30,000.

Bibi mzaa baba wa mume wangu alikuwa mtoto wakati huo. Kila nilipouliza alitoka wapi, jibu lilikuwa moja: "Alipokewa." Hakuna aliyesema alizaliwa hapo, wala aliolewa kutoka wapi. Alipokewa. Vitabu vya historia vina neno jingine: katika Mtunya wazazi wengi waliwaweka watoto rehani kwa wenye chakula, na wengine hawakukombolewa kamwe. Shangazi, binti wa bibi huyo, aliposikia neno rehani alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mkaza mwana, rehani huwekwa jembe. Mama yangu alipokewa."

Jambo hili halikuwa la kale tu. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa amechumbia, na wazee walitaka kujua kama damu ya bibi haikuwa damu ya ukoo wa binti. Hapo ndipo Shangazi alipotoa alichokificha: mzio. Siku hizi tunalitumia neno mzio kwa mtu anayewashwa na dawa au karanga, lakini maana yake ya zamani ni mwiko, na Wagogo hurithi mwiko wa chakula kwa upande wa baba. Bibi aliishi na watu wa mzio mmoja, ilhali kwa siri alishika mwingine, na binti yake alimwona. Mwiko wenyewe sitautaja, kwa kuwa ni mali ya wenyewe.

Mzio ule ulituelekeza upande wa magharibi, safari ya siku nzima. Mzee tuliyemkuta alitusomea, bila karatasi, watoto waliotoka kwao wakati wa Mtunya. Mmoja alikuwa msichana, naye alikuwa na kaka wawili. Majina ya kaka hao ni yale yale ambayo bibi aliwaita wanawe nyumbani, majina ambayo jamaa wa mumewe hawakuwahi kuelewa aliyatoa wapi. Mzee hakusema "rehani", wala "alipokewa". Alisema, "Alipelekwa." Tena akaongeza, "Mama yake alimpeleka ili aishi."

Uchumba uliendelea, kwa sababu koo zilikuwa mbali. Lakini kwangu kazi ilibaki katika daftari: kitenzi kipi kiandikwe? Kupelekwa, kuwekwa rehani, kupokewa: ni tendo moja, lililosemwa na waliotoa, na wanahistoria, na waliopata. Niliyaandika yote matatu, kila moja chini ya jina la aliyelisema. La Shangazi nililitanguliza, kwa kuwa yeye ndiye mwana.

Kwa hiyo, ndugu zangu washairi, mnaojua uzito wa mizani moja, nendeni kwa wazee wa wake zenu na waume zenu. Andikeni maneno yao jinsi yalivyotamkwa, pamoja na kiambishi chake, hata kama rekodi za Serikali zina neno jingine. Shangazi amekwisha kuomba apelekwe magharibi mvua zikikatika, akayaone mahame ya mama yake.