Kunaswa kwa Muziki katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na tangu siku hizo mitambo mingi ya kigeni iliyotaka kwenda Urundi au Kongo ilishukia katika gati la mji huo. Lakini mtambo wa kunasa sauti ulikwisha kufika katika nchi za maziwa kabla ya garimoshi. Katika miaka ya 1907 na 1908 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda kuelekea Kongo, na miongoni mwa wataalamu wake alikuwamo Mpolandi mmoja, Jan Czekanowski, aliyechukua fonografu. Nyimbo alizozinasa zilipelekwa Berlin, na Erich von Hornbostel akazichambua katika maandishi yaliyotoka mwaka wa 1917. Tangu mwaka wa 1909 bwana huyo alikuwa amekwisha kuchapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, watu ambao kwa miguu na mabega yao njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji ilidumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 19.

Fonografu ilikuwa mashine nyepesi, yenye ufunguo wa kuzungushwa kwa mkono, pembe ya kupokelea sauti, na sindano iliyochora mfuo katika silinda ya nta. Silinda moja ilichukua dakika mbili tatu tu. Wimbo mrefu ulikatwa kama kitambaa. Nta ilichakaa kila iliposikilizwa, kwa hiyo huko Berlin silinda ilifanyiwa kalibu ya shaba, na katika kazi hiyo nta yenyewe iliharibika. Hata hivyo ila kubwa zaidi ilikuwa mwendo. Silinda iliyozungushwa upesi wakati wa kunasa, kisha polepole wakati wa kusikiliza, ilimgeuza kijana kuwa mzee, na wimbo mwepesi kuwa maombolezo. Dawa iliyotumiwa na watu wa Berlin ilikuwa sahili, na hapana shaka ni fikira mojawapo iliyo bora katika habari hizi zote: kila msafiri alipewa kipenga chenye sauti moja inayojulikana, mitetemo 435 kwa sekunde, akipulize mbele ya pembe kabla mwimbaji hajaanza. Anayesikiliza leo huitafuta kwanza sauti ya kipenga, hurekebisha mwendo mpaka ikae mahali pake, ndipo huwa na haki ya kusema neno juu ya wimbo. Mwaka wa 1999 UNESCO iliziingiza silinda hizo za Berlin katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia.

Baada ya nta ukaja utepe. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alizunguka Tanganyika mwaka wa 1950, na mwaka wa 1952 akapita Kongo na Ruanda-Urundi. Mitambo yake ilihitaji umeme, na umeme ulitoka katika injini aliyoichukua garini. Kwa hiyo injini ilipaswa kuwekwa mbali na waimbaji, isije ikaimba nao. Naye pia alikuja na kipimo. Alikuwa na vyuma vyenye umbo la uma, kila kimoja na idadi yake ya mitetemo, na kwa vyuma hivyo alipima malimba na marimba, akaandika sauti ya kila ufito. Vipimo vyake vilionyesha kwamba mafundi wa Kiafrika hawakukosea kutega vyombo vyao, kama walivyodhani wageni waliozoea piano. Walikuwa na ngazi zao za sauti, wakazifuata kwa sikio kali.

Unasaji uliojulikana kuliko wote katika upande huu wa ziwa ulifanyika Burundi mwaka wa 1967, ambapo Michel Vuylsteke alinasa ngoma za kifalme na nyimbo nyingine kwa ajili ya Ocora, idara ya santuri ya redio ya Ufaransa. Santuri ilitoka mwaka wa 1968. Yaliyofuata hayana budi kusemwa waziwazi. Mwaka wa 1971 ngoma zile zilionekana tena Ulaya katika santuri iliyoitwa "Burundi Black", zikiwa zimeongezewa piano na magitaa, na jina lililopata sifa halikuwa la wapiga ngoma. Mwaka wa 1975 Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake "The Jungle Line", kipande cha ngoma kikizungushwa mfululizo. Huo ndio ufundi ambao leo kila mwanafunzi wa kompyuta huufanya kwa kidole kimoja. Lakini wapigaji walikuwa watu, na mdundo waliopiga ulikuwa na kazi yake mbele ya mfalme. UNESCO ilikuja kuutambua urithi huo mwaka wa 2014. Kutambua si kulipa.

Katika santuri hiyo hiyo ya mwaka wa 1968 mna jambo la kimya zaidi, na kwa mwenye kupenda elimu ya sauti ni la thamani zaidi: inanga ya kunong'ona. Inanga ni ubao uliochongwa kama hori, na uzi mmoja mrefu hupitishwa toka ncha hii hadi ncha ile mara nyingi, ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji haimbi, hunong'ona. Sasa mnong'ono ni pumzi, hauna sauti ya juu wala ya chini kama sauti ya kuimba. Lakini msikilizaji husikia wazi kwamba mtu yule anaimba, na kwamba maneno yanapanda na kushuka. Cornelia Fales, mtaalamu wa Marekani, alilichunguza jambo hili na kuonyesha kwamba ni sikio linaloufunga mnong'ono na nyuzi: lahani hutoka katika inanga, maneno hutoka kinywani, na wimbo wenyewe hutimia ndani ya kichwa cha msikilizaji. Kirundi, kama Kiha cha Kigoma kilicho jirani yake, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, hivyo sikio la mwenyeji limekwisha kufunzwa kazi hiyo tangu utotoni.

Mashine iliyofuata haikujua lolote katika hayo. Mwaka wa 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme wa Marekani na Japani walionyesha hadharani kanuni ya MIDI, ambayo ililetwa kwa juhudi za Dave Smith na Ikutaro Kakehashi. Yafaa ieleweke kwamba waya wa MIDI hauchukui sauti hata kidogo. Huchukua amri: kitufe namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachwa. Namba za vitufe ni 128, njia ni 16, na ngazi yake ya kawaida ni ile ya piano. Programu ya Cubase ilitoka Hamburg mwaka wa 1989. FruityLoops ikatoka mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Ubelgiji, nchi ambayo tangu mwaka wa 1921 ilikuwa na gati lake papa hapa Kigoma. Kwa programu za namna hii kijana mmoja chumbani aliweza kufanya kazi iliyohitaji bendi nzima, na muziki wa Bongo Fleva ukakua juu ya msingi huo. Mwaka wa 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wengi wao wakiwa wamekwisha kupata jina Dar es Salaam, walitoa pamoja wimbo "Leka Dutigite", wenye jina la Kiha.

Mwenye kutaka kuiweka inanga katika kompyuta hukuta kwamba namba 60 na namba 61 hazina kitu kati yake, na uzi wake umo humo kati. Upo utaratibu wa kuipinda sauti, wenye hatua 16,384, lakini hupinda sauti zote za njia moja kwa pamoja. Basi kila uzi hupewa njia yake, na njia 16 zatosha. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu wengi huiacha wakaifuata piano. Masikio ya watoto wao yatakuwa ya piano.

Hitilafu nyingine ni za zamani katika mavazi mapya. Ile ya mwendo imerudi: sauti iliyonaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ikichezwa kana kwamba ni 44,100, hushuka karibu nusutoni moja na nusu, na safari hii kipenga hakipo. Injini ya Tracey nayo imerudi, katika mvumo wa umeme wa mitetemo 50, ambao huingia hasa pale kompyuta na kipaza sauti vinapopata umeme katika soketi mbalimbali; dawa yake ni kuviunganisha mahali pamoja. Ucheleweshaji ni mgeni wa kweli. Kompyuta hukusanya sampuli kabla ya kuzitoa; zikiwa 512, mpigaji hujisikia katika visikizi baada ya takribani milisekunde 12, kana kwamba chombo chake kimesimama umbali wa mita nne, na kwa kuwa kuna kuingia na kutoka, muda huo huongezeka. Fundi huzipunguza mpaka 128, na kompyuta dhaifu ikianza kukatakata, huziongeza tena wakati wa kuchanganya, ambapo hapana anayepiga.

Ila moja haimo katika vitabu vya maelekezo. Upepo wa ziwa ukiingia katika kipaza sauti, programu ya kuondoa makelele husikiliza sekunde chache za upepo mtupu, hujifunza sura yake, kisha hukata kila kinachofanana nao. Mnong'ono wa inanga unafanana nao. Mtambo ukifanya kazi yake kwa ukamilifu, hubaki nyuzi safi zinazolia peke yake, na mtu ametoweka. Kwa hiyo anayenasa inanga huzuia upepo kabla ya kunasa, kwa ukuta au kwa kitambaa juu ya kipaza sauti, na kile kisafishaji hukiacha kimezimwa.